Kompyuta isiyo na diski si ya kutupwa

Mzazi mmoja wa Buruburu ameniletea swali. Shule anakosoma mwanawe imeziweka stoo kompyuta kumi na mbili kwa sababu diski zake zimekufa, na sasa wazazi wanaitishwa pesa za kununua nyingine. Je, hakuna njia?

Ipo, mpenzi msomaji. Kazi ya diski ni kuhifadhi tu. Ikiwa viungo vingine ni vizima, mashine yaweza kuazima diski ya mwenzake kupitia waya wa mtandao. Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliuza kompyuta zisizo na diski, kwani diski zilikuwa ghali mno.

Mambo huenda hivi. Ukiiwasha, programu ndogo iliyomo kwenye kadi ya mtandao huamka na kupiga hodi: "Mimi ni fulani, sina anwani, nianzie wapi?" Kompyuta kuu, yaani seva, huitika, huipa anwani na kuitajia faili ya kuchukua. Hodi hiyo iliandikiwa kanuni zake mwaka wa 1985 kwa jina la BOOTP. Siku hizi kadi nyingi hutumia utaratibu wa PXE ulioletwa na Intel. Faili ikishaingia, mashine huufungua mzizi, yaani shina la mafaili yote, ulioko kwenye diski ya seva. Mwanafunzi hatagundua lolote. Na fundi akirekebisha programu moja kwenye seva, mashine zote kumi na mbili zimepona.

Lakini msishangilie mapema. Niliwahi kuliona darasa zima likikodolea macho vioo vilivyoganda, kumbe mtu alikuwa amechomoa plagi ya seva ili achaji simu! Seva ikilala, wote wamelala.

Kwa hiyo pesa zikichangwa, ziende kwa seva moja imara yenye diski mbili zinazonakiliana, na betri ya kuishikilia stima inapopotea. Nawe mzazi wa Buruburu, kabla ya mkutano mwombe mwalimu awashe mashine mojawapo na atazame kama inajaribu kuanza kwa mtandao. Ikijaribu, itoeni stoo.