Utafiti wa afya uwafuate wanaume Walatino waliko

Watafiti wa afya nchini Marekani hulalamika mara kwa mara kwamba wanaume wahamiaji wa Kilatino ni wagumu kushiriki, na wapo wanaoutupia lawama ubabe wao. Lawama hiyo haina uzito. Anayeamka alfajiri kwenda mjengoni, shambani au kwenye kiwanda cha kuchinja kuku hawezi kufika ofisi ya chuo kikuu saa nne asubuhi bila kupoteza ujira wake. Asiye na kibali cha kuishi nchini ana kila sababu ya kuiogopa fomu inayotaka jina na anwani. Tena wapo wenye kumbukumbu nzito: kati ya 1946 na 1948, watafiti wa serikali ya Marekani waliwaambukiza kwa makusudi wafungwa, askari na wagonjwa wa akili nchini Guatemala kaswende na kisonono. Serikali hiyo iliomba radhi mwaka 2010. Imani iliyovunjwa namna hiyo hairudi kwa kubandika tangazo ukutani.

Inarudi pale wahusika wanapopewa sauti. Katika vijiji vya North Carolina, mradi wa HoMBReS wa kuzuia VVU na magonjwa ya zinaa uliwafuata wanaume hao kwenye ligi yao ya soka. Watu wa ligi waliketi na watafiti kuupanga, kisha timu 15 zikatoa kila moja mchezaji wa kufundishwa. Kwa miezi 18 wachezaji hao, walioitwa navegantes, walizungumza na wenzao kwa Kihispania, wakagawa kondomu na kuwaelekeza mahali pa kupima. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kuwa wenzao walitumia kondomu kwa uthabiti zaidi na kupima VVU zaidi kuliko wachezaji wa timu za kulinganishwa.

Wapo watakaosema kumshirikisha mtafitiwa katika kupanga kunaharibu sayansi. Lakini timu za kulinganishwa zilikuwepo, na vipimo vilikuwa vilevile kwa pande zote. Kweli, majibu yalitoka vinywani mwa washiriki wenyewe na yapokewe kwa tahadhari. Hata hivyo, asiyemwamini anayemuuliza hatamwambia kweli kamwe. Wengine watasema njia hii inakula muda na fedha. Ni kweli pia, ila utafiti unaowakosa watu wenyewe ni hasara kubwa zaidi, kwa kuwa matibabu hupangwa kwa takwimu zisizowahusu. Wafadhili basi watenge fedha za kujenga uhusiano kabla ya dodoso la kwanza, walipe muda wa washiriki, na wadai matokeo yarudishwe uwanjani kwa Kihispania. Mradi usiotimiza hayo usipewe fedha.