Barua ya Desemba si ya Kutupwa

Desemba ikiingia, wakazi wengi wa Minnesota hupokea salamu kutoka kwa mjumbe wao wa Bunge la Jimbo, kwa posta au kwa barua pepe. Juu kuna picha ya familia iliyovaa masweta mekundu. Chini yake ni heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, halafu aya kadhaa za sheria zilizopita na zinazoanza Januari, na mwisho namba ya simu ya ofisi mjini St. Paul. Katika nyumba nyingi za watu wetu wa Afrika Mashariki, barua hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye pipa pamoja na vipeperushi vya piza.

Sababu zinazotolewa ni zilezile, iwe baada ya ibada, baada ya swala au kwenye makundi ya WhatsApp. Baadhi zina ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja inayotosha kuitupa barua hiyo kabla ya kuisoma. Nazijibu moja baada ya nyingine.

“Hiyo ni kampeni tu, imevalishwa nguo za sikukuu.”

Ukweli upo, na tuanze nao. Hakuna mwanasiasa anayekutumia picha ya watoto wake bila hesabu. Wajumbe wote 134 wa Baraza la Wawakilishi la Minnesota hurudi kwa wapigakura kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo uchaguzi hauwi mbali nao hata siku moja.

Hata hivyo, karatasi ya kampeni na taarifa ya kazi ni vitu viwili, na kuvitofautisha hakuhitaji wakili. Sheria ya Minnesota inataka karatasi ya kampeni ioneshe nani ameiandaa na nani ameilipia. Tazama chini kabisa, kwenye maandishi madogo. Ukiona jina la kamati ya uchaguzi na ombi la mchango, hiyo ni kampeni, itupe ukitaka. Ukiona anwani ya ofisi ya bunge na hakuna anayekuomba hela, umeletewa taarifa iliyogharamiwa kwa kodi yako.

Kipimo kingine ni tarehe. Majigambo hayana tarehe, taarifa inazo. Chukua 31 Januari: kufikia siku hiyo, mwenye nyumba anapaswa kuwa amempa kila mpangaji fomu ya CRP, inayoonesha kodi ya pango aliyolipa mwaka mzima. Bila fomu hiyo, mpangaji wa kipato cha chini au cha kati atapata taabu kudai nafuu ya kodi anayostahili. Tangu mwaka wa kodi wa 2024, nafuu hiyo inadaiwa ndani ya fomu kuu ya kodi ya mapato ya jimbo, si kwa fomu ya pembeni kama zamani. Au chukua kipindi cha 1 Oktoba hadi 30 Aprili, ambapo kanuni ya majira ya baridi humlinda mteja asikatiwe umeme au gesi inayopasha nyumba yake joto, mradi awasiliane na kampuni na wakubaliane namna ya kulipa deni. Anayenyamaza kinga hiyo inampita.

“Mjumbe wa jimbo ni mdogo. Wenye nguvu wako Washington.”

Pengine safari ya Ilhan Omar imetuchanganya. Aliingia Bunge la Jimbo mjini St. Paul Januari 2017, na Januari 2019 akaapishwa Washington. Wengi wakaliona jambo hilo kama la diwani aliyepanda akawa mbunge, wakahitimisha kwamba St. Paul ni ngazi ya kupitia tu. Lakini jimbo la Marekani lina katiba yake, kodi zake, mahakama zake na sheria zake, na sehemu kubwa ya maisha ya kila siku inaamuliwa huko.

Angalia mwaka 2023 peke yake. Tarehe 7 Machi, Gavana Tim Walz alitia saini sheria iliyowaruhusu wakazi kupata leseni ya udereva bila kuulizwa makaratasi ya uhamiaji. Ikaanza kutumika 1 Oktoba. Siku kumi baada ya saini hiyo, 17 Machi, akatia saini sheria ya kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo kwa wanafunzi shuleni. Mwaka huohuo likapitishwa jambo ambalo lilianza muhula wa vuli wa 2024: kijana wa Minnesota ambaye familia yake ina kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka anaweza kusoma chuo cha umma cha jimbo bila kulipa ada. Mzazi mwenye watoto watatu shuleni na mmoja chuoni ataniambia kama hayo ni madogo.

Upande wa pili wa mizani nao usemwe. Viza, grini kadi, uraia na maombi ya hifadhi ni mambo ya Washington. Mjumbe wa jimbo hana mamlaka juu yake, hata awe na huruma kiasi gani. Faili lililokwama kwenye uhamiaji lipeleke kwa ofisi ya mbunge wako wa Congress au ya seneta wa Marekani. Huko kuna watumishi ambao kazi yao ni kuulizia mafaili kama hayo. Anayemlaumu mjumbe wa St. Paul kwa viza ya mama mkwe amebisha hodi mlango usio wake.

“Mimi si raia, barua hiyo hainihusu.”

Hili ndilo dai linalotugharimu zaidi. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 5,706,494 Minnesota. Gawanya kwa viti 134, unapata watu wapatao 42,600 kwa kila eneo la uchaguzi. Hesabu hiyo ilimchukua raia na asiye raia, mtoto mchanga na mwanafunzi wa kigeni, mwenye makaratasi na asiye nayo. Mjumbe anawakilisha wakazi, na wewe ni mmoja wao. Huna kura, kweli, na usithubutu kujiandikisha kupiga kura kabla ya kuwa raia, maana kosa hilo linaweza kukufungia njia ya uraia na hata kukufukuzisha nchini. Lakini haki ya kuandika, kupiga simu na kuuliza haidai uraia.

Na mara nyingi habari inayomgusa asiye raia ndiyo nzito kuliko zote. Kuanzia 1 Januari 2025, watu wazima wasio na makaratasi waliruhusiwa kujiunga na MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa watu wa kipato cha chini. Haukupita hata nusu mwaka. Juni 2025, katika makubaliano ya bajeti, bunge likaamua kwamba kwa watu wazima hao bima hiyo ikome mwisho wa Desemba 2025; watoto wakabakishwa. Fikiria mtu mwenye kisukari ambaye daktari wake alikuwa amempangia miadi katikati ya Januari iliyofuata. Hakuwa na kura, lakini hakuna raia katika mtaa wake aliyehitaji kusoma taarifa ya Desemba kuliko yeye, wakati dawa bado ziliweza kuchukuliwa na kliniki za gharama nafuu bado ziliweza kutafutwa.

“Kwetu mheshimiwa huja na unga na soda. Huyu analeta karatasi.”

Mkono mtupu haulambwi, tunasema, na Krismasi za nyumbani zimetuzoesha mkono uliojaa. Huku Minnesota sheria imeufunga mkono huo. Kumpa mpigakura fedha, chakula au kinywaji ili kumshawishi ni kosa. Kinachoruhusiwa ni viburudisho visivyo na kilevi, vya thamani isiyozidi dola 5, vinavyoliwa hapohapo kwenye mkutano. Soda utaipata. Mfuko wa unga wa kupeleka nyumbani hutaupata, na anayekupa anajitafutia kesi.

Mjumbe huyo pia hana fungu kama NG-CDF ya Kenya au Mfuko wa Jimbo wa Tanzania. Hawezi kujenga darasa, kulipa karo ya mtoto wa jirani wala kuchimba kisima. Kazi yake ni sheria na bajeti, na zote mbili zinataka wenzake. Muswada unahitaji kura 68 katika Baraza la Wawakilishi, kura 34 katika Seneti, halafu saini ya gavana. Uchaguzi wa Novemba 2024 uliligawa Baraza hilo viti 67 kwa 67, hivyo hakuna muswada unaoweza kupita hapo bila angalau mtu mmoja kuvuka kwenda upande wa pili.

Ndiyo maana hapa namgeukia mwandishi wa barua mwenyewe. Akisema “nimeleta mamilioni katika eneo letu,” msome kwa jicho kali. Hakuna mtu mmoja aliyeleta chochote. Wako waliouandika muswada, wako waliouunga mkono, na wako waliopiga kura ya hapana kisha wakaonekana kwenye picha siku ya kukata utepe. Kura za bungeni huhesabiwa kwa majina na ziko wazi kwa umma. Muulize swali moja tu: wewe ulipiga kura gani?

“Desemba bunge limefungwa. Anajaza likizo tu.”

Limefungwa, ndiyo. Kikao cha Minnesota lazima kimalizike Mei, na cha 2026 kilipangwa kuanza 17 Februari. Mabunge mengi ya majimbo ni ya muda hivyohivyo. Texas hukutana mara moja kila miaka miwili, kwa siku zisizozidi 140. New Hampshire ina wajumbe 400 katika Baraza lake, na kila mmoja hulipwa dola 100 kwa mwaka, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1889. Mtu wa namna hiyo ana kazi nyingine inayomlisha, kwa hiyo siku zake za bungeni ni chache na huanza na mawazo ambayo tayari yako mkononi.

Mawazo hayo hukusanywa Desemba. Muswada huandikwa kwa lugha ya sheria kabla ya kuwasilishwa, hutafutiwa watu wa kuuunga mkono, halafu hukimbizana na siku za mwisho za kamati, zinazofika mapema katika kikao. Anayekuja na kilio chake Aprili huambiwa, kwa adabu, asubiri mwaka ujao. Anayekuja Desemba humkuta mjumbe akiwa na daftari tupu na muda wa kusikiliza.

Na likizo si kinga dhidi ya maamuzi. Tarehe 22 Desemba 2022, siku tatu kabla ya Krismasi, bunge la New York liliitishwa kikao maalumu na kupitisha nyongeza ya mshahara wa wabunge wenyewe, kutoka dola 110,000 hadi 142,000, wakawa wanaolipwa zaidi kuliko wabunge wa jimbo lolote Marekani. Hawakungoja wananchi warudi kutoka safarini.

“Hata nikimwandikia, hasomi.”

Ujumbe wenye kurasa nne na malalamiko kumi na mawili huenda usisomwe. Mfupi una bahati nzuri zaidi, kwa sababu eneo la watu 42,600 ni dogo kwa vipimo vya Marekani na ofisi yake ina msaidizi anayepokea barua na simu. Andika jina na anwani, maana jambo la kwanza linaloangaliwa ni kama unaishi katika eneo lake. Kisha jambo moja na ombi moja.

Mfano uko karibu. Kuanzia 1 Januari 2026, Minnesota ina likizo yenye malipo kwa wafanyakazi: hadi wiki 12 kwa ugonjwa wako mwenyewe, hadi wiki 12 za kumtunza mwanafamilia au mtoto mchanga, na zote kwa pamoja zisizidi wiki 20 kwa mwaka. Mchango wa mwaka 2026 ni asilimia 0.88 ya mshahara, na mwajiri lazima abebe angalau nusu yake. Sasa mchukue dada anayehudumia wazee zamu ya usiku, anayelipwa dola 1,600 kila wiki mbili. Kwenye hati yake ya mshahara makato hayo hayapaswi kuzidi dola 7 na senti 4. Akikuta dola 14 na senti 8, mwajiri amemtwisha mzigo wote. Hapo anacho cha kuandika: nafanya kazi ya aina hii, nimekatwa kiasi hiki, sheria inasema kiasi kile, naomba ofisi yako iniulizie idara inayohusika. Mistari minne inatosha, pamoja na nakala ya hati yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba ofisi hizo si za watu kama sisi. Novemba 2024 wapigakura wa eneo la 38A walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, wa kwanza kutoka nchi hiyo kuingia bunge hilo. Hakufika huko kwa kura za Wakenya peke yao; eneo zima lilimchagua. Na wewe huhitaji mjumbe aliyezaliwa kwenu ili uhudumiwe. Unahitaji kuwa mkazi mwenye swali lililo wazi.

Kwa hiyo isome barua ya mwaka huu, zungushia tarehe kwa kalamu, andika pembeni kila anachodai kukifanya, kisha iweke pamoja na makaratasi yako ya kodi. Novemba 2026 viti vyote 201 vya bunge hilo, 134 vya Baraza na 67 vya Seneti, vinagombewa upya. Mwenye kura ataitumia, na asiye nayo ana ndugu, mwenza au mtoto aliyezaliwa hapa atakayemuuliza ampigie nani. Jibu lake lisitoke kwenye kipeperushi cha wiki ya mwisho. Litoke kwenye kile mheshimiwa alichoandika mwenyewe Desemba, kikilinganishwa na kura aliyopiga.