Injinia Asiyefungua Boneti

Leo naomba niwaudhi kidogo, na nitaanza kwa kujiudhi mwenyewe.

Muhula uliopita nilikaa siku tisa nikisubiri mtu anifanyie kazi ambayo baadaye niliimaliza mwenyewe kwa mchana mmoja. Nina miaka thelathini, nina digrii ya uhandisi wa umeme, niko mwaka wa pili wa utafiti hapa Uingereza, na mama yangu huko nyumbani anawaambia majirani kwamba mwanawe ni injinia. Siku tisa jamani!

Kisa chenyewe ni hiki. Kwenye maabara yetu kuna kompyuta ya mezani iliyounganishwa na kifaa kinachochaji betri za sola na kuzimaliza chaji, mzunguko baada ya mzunguko, usiku na mchana. Kompyuta hiyo ni kuukuu, ina Linux ya zamani, na haiguswi, manake programu inayoendesha kile kifaa haikubali Linux mpya. Vipimo vinatumwa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL iliyoko kwenye seva ya idara. Siku moja seva ikahamishiwa toleo jipya. Kesho yake skripti yangu ikagoma, ikaniambia kwamba njia ya uthibitisho namba 10 haitambuliki. Yaani jina ni lilelile, neno la siri ni lilelile, waya umechomekwa, lakini mlango haufunguki.

Nikamwandikia fundi wa idara. Akanijibu kwa adabu kwamba kompyuta hiyo iko kwenye mpango wa kubadilishwa, nivumilie. Nikavumilia. Vipimo vikawa vinarundikana kwenye diski ya mashine ileile, diski inayokwaruza kama panga boi bovu, bila nakala popote. Betri niliyokuwa napima ilishazunguka zaidi ya mara mia nne. Diski ikifa hakuna kurudia, kwa sababu betri iliyozeeka haiwi mpya tena. Na mimi nimekaa nakunywa chai.

Siku ya kumi nikaona haya, nikaanza kusoma. Kumbe jambo lenyewe halina uchawi wowote. Kuanzia toleo la 10, la mwaka 2017, PostgreSQL ilileta njia ya kuthibitisha neno la siri inayoitwa SCRAM-SHA-256, iliyo imara kuliko ile ya zamani ya MD5. Kuanzia toleo la 14, la mwaka 2021, seva ikiwekwa upya hiyo ndiyo inayotumika usipochagua nyingine. Upande wa kompyuta yako, anayezungumza na seva ni maktaba moja inayoitwa libpq, na ya kwangu ilikuwa ya toleo la 9. Seva ilikuwa inabisha hodi kwa lugha ambayo mwenye nyumba hajawahi kuisikia. Ile namba 10 kwenye ujumbe ni namba ya njia ya uthibitisho tu, msiichanganye na namba ya toleo.

Dawa basi ilikuwa libpq mpya kwenye mashine ya zamani. Pakeji iliyo tayari haikuwepo kwa Linux ya umri ule, na ruhusa ya msimamizi sina. Ikabaki njia moja: kuchukua msimbo chanzo na kuukompaili mwenyewe ndani ya folda yangu.

Nawaeleza nilivyofanya, maana wengi wetu tunaiogopa kazi hii bila kuijua. Nilishusha PostgreSQL toleo la 15, nikaifungua, nikaingia ndani ya folda yake, nikaandika ./configure --prefix=$HOME/pg15 --with-openssl. Hiyo prefix ndiyo inayosema kila kitu kiwekwe nyumbani kwangu, hivyo sihitaji ruhusa ya mtu na siharibu cha mtu. Amri hiyo inakagua mashine kama fundi anayezunguka gari kabla ya kushika spana. Ikasimama: mafaili ya kuunganishia readline hayapo. Readline ndiyo inayokuwezesha kurudisha amri za nyuma kwa kubonyeza mshale. Nikaongeza --without-readline, nikakubali kuandika kila amri upya. OpenSSL sikuiondoa, japo nilishawishika kurahisisha mambo, maana bila hiyo vipimo vyangu vingesafiri kwenye mtandao vikiwa wazi.

Halafu si lazima ujenge seva nzima. Kwa upande wa mteja tu, unaendesha make -C na neno install kwenye folda src/bin, src/include, src/interfaces, na doc ukitaka maelezo. Mashine ikatiririsha mistari kwa dakika kadhaa, feni ikanguruma, ikamaliza. Nikaita psql mpya kutoka folda yangu, nikaandika neno la siri, mlango ukafunguka. Nilipiga kelele mpaka jirani wa meza ya pili akavua visikilizio.

Furaha haikudumu. Skripti yangu ya Python ikagoma vilevile, kwa ujumbe uleule. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho miaka minne ya digrii haikunifundisha. Amri ya ldd inakuonyesha programu inachukua maktaba zake wapi, na niliposhika moduli ya Python inayoongea na PostgreSQL nikakuta bado inachukua libpq ya zamani ya mfumo. Psql mpya iliijua njia ya nyumbani kwake, lakini Python haikuambiwa na mtu. Zote mbili, mpya na ya zamani, zinajiita libpq.so.5, kwa hiyo ilitosha kuielekeza LD_LIBRARY_PATH kwenye $HOME/pg15/lib kabla ya kuanzisha skripti. Vipimo vya siku kumi vikaondoka. Nikakaa nikiangalia safu zikihesabika, nusura nilie.

Sasa hoja yangu. Sisi tunaosoma huku tumezoea kubofya. Tunapewa maabara zenye kila kitu, na kitu kikigoma tunaandika barua pepe na kusubiri. Pale Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, hutaona fundi anayesubiri kiwanda kimletee jibu. Anafungua, anaangalia, anauliza wenzake, anachonga. Yeye hana cheti, sisi tunacho, lakini anayefungua boneti ni yeye. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi nilitaka kufa na data zangu.

Rafiki yangu wa Kampala alinisikiliza akacheka. “Ndugu yangu,” akasema, “pakeji zipo, amri moja tu na kila kitu kinakaa. Nimekuja huku kusoma, sikuja kuchokonoa.” Hajakosea. Pakeji ikiwepo, tumia pakeji. Watu wameijaribu, na inajisahihisha yenyewe mfumo unaposasishwa. Ulichokikompaili mwenyewe ni mali yako pamoja na matatizo yake. PostgreSQL hutoa masahihisho kila baada ya miezi mitatu hivi, na kila toleo kubwa huhudumiwa kwa miaka mitano tu. Toleo la 15 lilitoka mwaka 2022, kwa hiyo hiyo pg15 yangu ina siku zake, na hakuna atakayenikumbusha ila mimi. Nimebandika karatasi pembeni ya skrini yenye amri zote na tarehe, ili atakayenirithi asianze na siku tisa zake.

Ila rafiki yangu alisahau jambo moja. Mashine kuukuu yenye kazi muhimu si ya kwetu tu, hii ilikuwa Uingereza, ndani ya chuo chenye fedha. Na huko nyumbani mambo makubwa tayari yamekaa juu ya programu hizihizi. Kenya ilisambaza mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda nazo zinautumia. Mfumo huo unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, msimbo wake ni wazi, na takwimu zake kwa kawaida hukaa ndani ya PostgreSQL. Yaani hesabu za kliniki, za chanjo na za wajawazito zimelala ndani ya kitu kilekile nilichokuwa naogopa kukifungua. Milango yake iko wazi kwa kila mtu, hakuna leseni ya kununua wala siri ya kampuni. Kilichobaki ni sisi kuingia. Tukirudi na vyeti lakini bila mazoea ya kuingia, tutakuwa watu wa kuandika barua pepe kwenda Ulaya kila kitu kinapogoma, safari hii tukiwa tumekaa kwenye ofisi zetu wenyewe.

Kwa hiyo naleta pendekezo kwa kamati ya chama. Tuna usiku wa vyakula, tuna mpira, tuna sherehe za uhuru, vyote vizuri. Tuongeze Jumamosi moja kila muhula. Kila mtu aje na kompyuta yake, au tuombe zile kuukuu zinazongoja kutupwa, tukompaili programu moja kutoka kwenye msimbo wake mpaka ifanye kazi. Wa udaktari waje, wa uchumi waje, sio sisi wa uhandisi peke yetu. Atakayekwama aulize kwa Kiswahili bila aibu, na karatasi ya maelezo tuiandike kwa Kiswahili, tuwatumie na wadogo zetu walioko vyuoni nyumbani. Chai na maandazi nitaleta mimi.

Ile kompyuta bado haijabadilishwa. Betri imefika mzunguko wa mia saba, na kila alfajiri vipimo vinaingia kwenye seva. Mama ameniuliza kwenye simu kama utafiti unaendelea. Nikamwambia unaendelea, mama. Zile siku tisa sikumwambia.

Naomba kutoa hoja.