Homa ya mafua: mama anahitaji siku tatu za kulala kuliko seromu

Kila mvua inaporudi, katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Butembo mambo huenda vile vile. Mama anaamka kichwa kinamuuma, viungo vyote vinauma, koo linawasha, mwili unawaka moto. Anameza vidonge viwili vya rejareja, anafunga kitenge, anabeba beseni lake na kwenda sokoni. Siku ya tatu anaanguka. Hapo ndipo pesa inatafutwa mbio mbio: antibiotiki, kisha sindano, kisha seromu, mara nyingi kwa deni. Kitu ambacho kingemsaidia tangu siku ya kwanza, yaani kulala, hakuna aliyempa.

Gripe, au homa ya mafua, inaletwa na virusi. Antibiotiki inapigana na bakteria, virusi haivigusi hata kidogo. Mtu mwenye afya nzuri hupona kwa muda wa wiki moja hivi bila dawa ya pekee, ingawa kikohozi na uchovu vinaweza kudumu wiki mbili au zaidi. Ndiyo sababu sindano inasifiwa bure: mgonjwa amedungwa siku ya nne, siku ya sita amesimama, na mtaa mzima unajua ni sindano iliyomponya. Mwili ndio uliofanya kazi, farmasi ndiyo iliyolipwa. Hata seromu, kwa mtu anayeweza kunywa kikombe cha chai, ni maji ya bei kali tu. Na antibiotiki zinazomezwa ovyo zinafundisha bakteria kuzizoea. Siku mtoto wa nyumba hiyo atakapopata nimonia ya kweli, dawa ile ile inaweza kushindwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wa mashariki mwa Kongo hawawezi kuliruka. Hapa, kukaa na homa nyumbani bila kupimwa malaria ni kamari. Magonjwa haya mawili yanaanza kwa sura moja: homa, kichwa, baridi, mwili kukosa nguvu. Kipimo cha haraka kinataka tone la damu ya kidole, na jibu linatoka chini ya nusu saa. Mwisho wa mwaka 2024, katika eneo la afya la Panzi, jimboni Kwango (si Panzi ya Bukavu), ugonjwa ulioitwa wa ajabu uliua watu, wengi wao watoto wadogo. Uchunguzi ulionyesha malaria pamoja na magonjwa ya njia ya pumzi, katika miili iliyodhoofishwa na njaa. Hakikuwa kitu kipya. Na wakaaji wa Beni na Butembo, waliopitia Ebola ya 2018 hadi 2020, hawahitaji kukumbushwa kwamba homa ya mtu aliyemgusa mgonjwa au aliyetoka kwenye maziko ya mashaka si ya kutunziwa nyumbani. Kwanza kupimwa, basi. Malaria ikikosekana, mganga akisema ni gripe, kitanda ndiyo hospitali.

Na kitandani kuna kazi. Mgonjwa anywe mara kwa mara, hata bila kiu: maji safi, uji, supu ya samaki, chai ya tangausi na ndimu. Tangausi haiui virusi, lakini inalainisha koo na inamfanya mtu anywe, na hilo linatosha. Paracetamol ya miligramu 500 inashusha homa na maumivu: kwa mtu mzima, kimoja au viwili, kungoja saa sita, bila kupita vidonge vinane kwa siku nzima. Anayeongeza unga wa mafua juu yake asome kwanza maandishi ya pakiti, kwa maana mara nyingi ndani mna paracetamol ile ile, na ikizidi inaharibu ini. Watoto wasipewe aspirini. Asali ni nzuri kwa kikohozi, ila si kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka.

Baridi ya usiku inawafanya wengine waingize mbabula ya makala chumbani kwa mgonjwa na kufunga dirisha. Moshi usioonekana wa makala unaua watu usingizini. Blanketi la pili ni bora, na dirisha libaki wazi kidogo mchana, jambo linalopunguza pia virusi vinavyozunguka katika chumba kimoja ambamo watu sita wanalala. Kujifukiza chini ya nguo na sufuria ya maji ya moto kunawaunguza watoto kila mara. Waachwe mbali nako.

Haya yote ni rahisi. Kigumu ni nani atamruhusu mama alale. Baba akishikwa na gripe, nyumba nzima inatembea kwa vidole na supu inamfuata kitandani. Mama akishikwa na gripe ile ile, anaulizwa bugali iko wapi. Ni kweli kwamba anauza leo ili watu wale jioni. Lakini bwana anayepata pesa ya seromu siku ya tatu angeweza kupata ya unga na ndagala siku ya kwanza, na ingekuwa kidogo kuliko ile ya seromu. Kijana wa miaka kumi na tano anaweza kuchota maji na kusonga bugali. Mkono wake hautakatika. Vikundi vya AVEC, ambavyo vina mfuko wa kusaidiana kwa kilio na uzazi, vingeweza kuandika katika sheria zao kwamba mwanachama mwenye homa apewe chakula cha siku tatu. Vingi bado vinangoja mtu alazwe ndipo vifungue sanduku.

Kuna wasiopaswa kungoja nyumbani: wenye mimba, wazee, watoto wa chini ya miaka mitano, wenye kifua kikuu, VVU au ugonjwa wa sukari. Kwa mwingine yeyote, alama za kukimbia kituo cha afya ni hizi: pumzi kukatika, kifua kuuma, akili kuchanganyikiwa, kushindwa kunywa, au homa iliyokwisha kuondoka ikarudi kwa nguvu. Kwa mtoto, ni kupumua haraka haraka, mbavu kuzama ndani anapovuta pumzi, na kukataa ziwa.

Anayepona arudi sokoni baada ya kumaliza siku nzima bila homa na bila kidonge. Na beseni, asubuhi hiyo ya kwanza, mtu mwingine wa nyumba alibebe.