Masjala Isiyo na Daftari

Karani wa masjala katika ofisi ya Serikali hajui kwa kichwa mahali lilipo kila jalada. Anachokijua ni kulisoma daftari lake. Mtu anapofika kuulizia shauri la kiwanja, karani hufungua daftari, hulitafuta jina, huiona namba, kisha huenda moja kwa moja kwenye kabati linalohusika na kurudi na jalada mkononi. Daftari hilo likiungua, majalada yote yangalipo kabatini kama yalivyokuwa jana. Lakini ofisi nzima itakuwa kana kwamba haina kitu, na mwenye kiwanja ataambiwa kuwa jalada lake halionekani. Kutoonekana na kutokuwapo ni mambo mawili, na ni la kusikitisha kwamba inapohusika kompyuta watu wengi, wakiwamo walimu, huyachukua kuwa jambo moja.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari ya kutwa wilayani Kisarawe. Kompyuta ya ofisi ni moja, na ndani yake zimo alama za maendeleo ya wanafunzi za miaka minne, yaani ule upimaji wa mfululizo ulioingia katika shule za Tanzania kutokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974. Jioni moja mashine inajisasisha: mfumo endeshi wake unapokea sehemu mpya kutoka kwa watengenezaji, inajizima na kujiwasha yenyewe. Asubuhi mwalimu anaandika neno "alama" katika kisanduku cha kutafutia, kama alivyozoea. Mashine inajibu kwamba hakuna kilichopatikana. Anaandika "Kidato cha Pili". Hakuna. Anaitia mashine mfukoni na kupanda daladala hadi Gongo la Mboto kwa fundi. Mwenzake wa Kibaha mwenye tatizo hilohilo angeipeleka Maili Moja. Fundi anaifanyia kile ambacho mitaani huitwa "kupiga windo", yaani kuifuta diski na kuweka mfumo upya. Kufika magharibi mashine ni nyepesi, utafutaji unafanya kazi barabara, nao hauoni kitu kwa kuwa sasa hakuna cha kuonwa.

Si haki kumlaumu fundi peke yake. Yeye aliletewa mashine mbovu akaombwa airudishe nzima, na mashine nzima ndiyo aliyoitoa. Hakuna aliyemweleza kwamba kilichokuwa na thamani si mashine bali mafaili yaliyomo. Kufutwa kwa diski si jambo la kurudishwa kwa urahisi: mfumo mpya huandikwa juu ya nafasi za zamani, na katika diski za kisasa zisizo na sahani zinazozunguka, nafasi zilizotangazwa kuwa tupu husafishwa na diski yenyewe muda mfupi baadaye. Kosa lilianza mapema zaidi, pale mwalimu aliposema "faili zimepotea" ilhali alichokuwa amekiona ni kwamba utafutaji haukumjibu.

Neno la Kiswahili kwa daftari la namna hii ni faharasa, nalo lina asili ndefu. Mnamo mwaka 987 muuza vitabu wa Baghdad, Ibn al-Nadim, alitunga orodha ya vitabu vya Kiarabu alivyovijua akaiita al-Fihrist. Vitabu vingi alivyovitaja vimetoweka kabisa, na majina yao yanajulikana leo kwa sababu tu yameorodheshwa humo. Huko faharasa ilibaki, vitabu vikapotea. Kwa mwalimu wa Kisarawe ilikuwa kinyume: vitabu vilibaki, faharasa ikapotea, na kwa kutojua tofauti hiyo vitabu navyo vikachomwa.

Kompyuta hutengeneza faharasa yake hivi. Programu maalumu hupita kimyakimya katika mafaili, hasa wakati mwenyewe hatumii mashine, na kila neno inalolikuta huliandika pamoja na namba za mafaili lilimo. Tuseme mafaili ni matatu: la kwanza linaitwa "Alama Kidato cha Pili", la pili "Barua kwa Wazazi", la tatu "Alama Kidato cha Nne". Katika faharasa, "alama" itaandikiwa 1 na 3, "barua" 2, "wazazi" 2, "kidato" 1 na 3. Mtu akiuliza "alama", mashine haigusi mafaili hata kidogo. Hutazama mstari mmoja wa faharasa na kujibu mara moja. Bila faharasa ingebidi ifungue kila folda na kupekua kila kilichomo. Wazo hili si geni. Mwaka 1983 James Woods alieleza jinsi ya kutunza orodha ya majina ya mafaili ya mfumo wa Unix kwa kuibana sana, ili jina litafutwe katika orodha badala ya diski nzima. Amri iliyotokana na kazi hiyo, locate, ingali katika mifumo ya Linux. Lakini orodha hiyo huonyesha hali ya diski ilivyokuwa mara ya mwisho ilipoandikwa. Faili lililohifadhiwa dakika tano zilizopita laweza kuwamo kwenye diski na lisiwemo kwenye orodha.

Sasa mfumo unaposasishwa, yapo mengi yanayoweza kuivuruga faharasa. Umeme hukatika katikati ya kazi, na faharasa ikabaki nusu imeandikwa. Programu ya kuisoma huja mpya, ikatarajia muundo ambao faharasa ya zamani hainao. Ile programu ya kupita katika mafaili huweza kubaki imezimwa. Tena anwani za folda huweza kubadilika, na hili la mwisho ndilo linaloeleweka upesi zaidi kwa mtu wa Pwani. Msomaji afikirie masjala ya wilaya inapogawanywa, kama Kisarawe ilivyomegwa katika miaka ya 1990 ili Mkuranga izaliwe: jalada linahamia ofisi mpya, kabati jipya na namba mpya, na daftari la zamani, lisiporekebishwa, litaendelea kumtuma karani kwenye kabati tupu.

Mambo haya yametokea kweli, na kwa watengenezaji wakubwa. Mwishoni mwa mwaka 2019, baada ya toleo jipya la Windows 10, watu wengi duniani walikuta kisanduku cha kutafutia katika dirisha la mafaili hakipokei hata herufi. Marekebisho yalikuja mwaka uliofuata. Tarehe 5 Februari 2020 utafutaji wa Windows 10 ulionyesha eneo tupu jeusi katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, na safari hiyo ubovu haukuwa ndani ya mashine za watu bali katika huduma ya Microsoft iliyounganishwa na utafutaji kwa njia ya intaneti. Siku sita baadaye likaja sasisho ambalo katika baadhi ya mashine lilimfungulia mtumiaji chumba cha muda badala ya chake. Alipowasha mashine alikuta dawati tupu, picha hazipo, barua hazipo. Vyote vilikuwamo katika diski ileile, ndani ya folda iliyobadilishwa jina kidogo tu. Ni wangapi waliopiga windo wiki ile?

Ni kweli kwamba siku nyingine mafaili hupotea hasa. Sasisho la Windows 10 la Oktoba 2018 lilifuta folda za baadhi ya watumiaji, na Microsoft ikalazimika kulisimamisha siku chache tu baada ya kulitoa. Kwa maelezo yake, taarifa za upotevu zilitoka kwa mashine moja katika kila elfu kumi zilizosasishwa. Uwezekano huo mdogo unatosha kabisa kuwa sababu ya kuweka nakala ya alama kwenye flashi iliyofungiwa kabatini kwa mkuu wa shule, na shule inayotunza alama za miaka minne katika mashine moja bila nakala haina wa kumlaumu. Hata hivyo hautoshi kumfanya mtu aanze na dawa ya mwisho.

Dawa ya kwanza ni kuuliza kwa njia isiyopitia faharasa. Katika Windows kuna dirisha jeusi la amri, urithi wa enzi za DOS, ambamo mtu huandika dir C:\*alama* /s na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Mashine itapita folda baada ya folda, kwa uvumilivu wa karani mzee, na kutaja kila faili lenye neno hilo katika jina lake pamoja na mahali lilipo. Jina likitokea, faili lipo. Anayelihitaji haraka alifuate huko alinakili, na ubovu wa utafutaji usubiri. Kisha mashine izimwe na kuwashwa tena, maana huduma ya utafutaji mara nyingine hukwama tu. Isipofaa, afungue ukurasa wa mipangilio ulioandikwa Indexing Options, atazame idadi ya vitu vilivyokwisha kuorodheshwa na kama folda zake zimo katika orodha, kisha katika sehemu ya ziada abonyeze Rebuild. Hapo mashine hulitupa daftari bovu na kuanza jipya, na mafaili yenyewe hayaguswi. Watumiaji wa Linux huamuru updatedb, na wa Macintosh huiondoa diski katika orodha ya Spotlight na kuirudisha.

Kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine usiku kucha, na mashine inayotumia betri huifanya kwa kusuasua. Mwenye kuharakisha atatafuta jambo dakika kumi baadaye, alikose, aseme dawa haikufaa. Iachwe kwenye umeme hadi asubuhi.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Shule nyingi zina mashine kuukuu ambazo Windows 11 haizikubali, na zile zinazokubaliwa zitahamishwa mfumo mzima. Kila uhamisho ni nafasi ya daftari kuvurugika, na kila daftari lililovurugika ni safari nyingine ya kwenda Maili Moja.

Pana historia ya kujifunza hapa. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na miongoni mwa yaliyotangulia uamuzi huo ni matatizo ya hesabu yaliyoikumba Wizara ya Fedha, ambayo ndiyo iliyokuwa na kompyuta ya kwanza tangu mwaka 1965. Zilikuwapo sababu nzito za fedha za kigeni, na si kazi ya makala haya kuzihukumu. Ila namna ya kufikiri inafanana na ile ya kupiga windo: sehemu moja ya kazi imeharibika, basi chombo chote kiondolewe. Marufuku yakalegezwa miaka mingi baadaye, lakini namna ile ya kufikiri haikuondoka nayo. Somo la kompyuta sekondari hutumia muda mrefu kumtajisha mwanafunzi sehemu za mashine, kibodi na kichapishi na vinginevyo, naye huhitimu bila kuambiwa kwamba kitu na orodha ya kitu ni vitu viwili. Kipindi kimoja juu ya faharasa kingeokoa alama nyingi kuliko vipindi kumi vya kuchora kipanya.

Kipindi hicho kina faida nyingine inayomhusu Mswahili peke yake. Hata faharasa nzima humnyima mtafutaji wa Kiswahili baadhi ya mambo, kwa kuwa mashine nyingi huoanisha maneno kuanzia mwanzo wake. Kwa Kiingereza hilo halidhuru sana, maana maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Ndiyo maana Martin Porter, katika kanuni yake mashuhuri ya mwaka 1980, alishughulikia kukata viishio tu. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Aliyehifadhi faili kwa jina la "Mitihani ya Muhula" akitafuta "mtihani" huenda asilione, na aliyeandika "vitabu" hapati "kitabu". Programu za kuchambua Kiswahili ipasavyo zipo, kama ile aliyoianza Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki miaka ya 1980, lakini hazimo katika kisanduku cha kutafutia cha mashine ya shule. Mwalimu aliyejenga faharasa upya usiku kucha, kisha akaandika umoja wa neno alilolihifadhi kwa wingi, ataapa kwamba mashine bado mbovu.

Hili laweza kujaribiwa darasani, Kibaha au Kisarawe au kwingineko. Wanafunzi watengeneze mafaili mawili, moja waliite "mtihani" na jingine "mitihani". Watafute kwanza kwa kisanduku, kwa kila neno peke yake, na kuandika kilichoonekana. Kisha waandike katika dirisha la amri dir C:\*tihani* /s, wayahesabu majibu, na kueleza kwa maneno yao kwa nini hesabu mbili hazikulingana. Zoezi lahitaji mashine moja na kipindi kimoja cha dakika 40.