Mshipa wa moyo unapogawanyika: je, jicho latosha?

Mama mmoja ametuletea swali hili. Mume wake alipelekwa Ulaya kwa sababu ya maumivu ya kifua. Waganga wakafungua mshipa mmoja wa moyo wake. Lakini tawi la mshipa ule, ambalo katika picha lilionekana jembamba sana, wakaliacha vile vile. Mama auliza: «Je, wamemwachia mauti mwilini?» Swali hilo ni la haki, tulijibu.

Moyo hupeleka damu mwilini mwote, lakini wenyewe pia wahitaji kulishwa. Hulishwa na mishipa miwili itokayo mwanzoni mwa mshipa mkuu. Ule wa kushoto hugawanyika upesi kuwa matawi mawili makubwa, nayo huzaa matawi madogo. Kwenye njia panda hizo ndipo mafuta yapendapo kuganda ukutani, maana hapo damu haipiti kwa mwendo ulio sawa. Njia ikisonga, mtu hubanwa kifua apandapo kilima au abebapo mzigo.

Mwaka 1977, huko Zurich, mganga Andreas Grüntzig alikuwa wa kwanza kupanua mshipa wa moyo wa mtu aliye macho kwa kiputo kidogo. Siku hizi huachwa ndani kibomba cha wavu wa chuma, kiitwacho stenti. Lakini penye njia panda kuna shida: njia kubwa ikipanuliwa, ukuta utenganishao njia mbili husukumwa kando, na mlango wa tawi huonekana kama umefungwa. Picha ni kivuli tu: yaonyesha umbo la njia, haionyeshi ni damu kiasi gani ipitayo.

Basi, wataalamu walitafuta njia ya kupima. Mwaka 1996 Nico Pijls wa Eindhoven, Uholanzi, na Bernard De Bruyne wa Aalst, Ubelgiji, pamoja na wenzao, walitangaza faida ya kipimo ambacho waganga hukiita FFR. Waya mwembamba mno, wenye chombo cha kupima msukumo wa damu, hupitishwa mpaka ng'ambo ya mahali palipobanwa. Mgonjwa hupewa dawa ya kulegeza mishipa midogo, ili damu ipite kwa wingi. Kisha msukumo wa ng'ambo hulinganishwa na ule wa mshipa mkuu. Kama kwenye mshipa mkuu ni 100, na ng'ambo ni 90, hesabu ni 0.90: tawi lapata damu ya kutosha. Ikiwa ni 0.80 au chini yake, moyo waweza kuwa na njaa.

Mwaka 2005 waganga wa Seoul, Korea, walitoa habari za matawi 94 yaliyopimwa hivyo baada ya stenti kuwekwa katika njia kubwa. Matawi 73 yalionekana pichani yamebanwa robo tatu au zaidi. Lakini yaliyopungukiwa damu kweli, kwa mpaka wa 0.75, yalikuwa 20 tu! Kuyafungua mengine kungalikuwa kazi bure, tena si bila hatari, kwa maana damu yaweza kuganda ndani ya chuma, au njia ikabanwa tena.

Hata hivyo kipimo nacho chataka akili. Kama mshipa una mahali pawili palipobanwa, pamoja huathiri hesabu ya pengine. Mganga hana budi kuvuta waya polepole na kutazama kila hatua.

Basi, ee mama, usiseme upesi kwamba mume wako amedharauliwa. Waulize waganga: «Je, tawi lile lilipimwa? Hesabu yake ni ngapi?» Kama ilizidi 0.80, yaelekea waliliacha kwa busara. Naye baba ameze dawa zake kila siku, aache tumbako, apimwe msukumo wa damu. Lakini maumivu ya kifua yakimshika hata akiwa amepumzika, wala hayaishi, msingoje asubuhi: mpelekeni hospitali saa ile ile.

Kumwomba Mungu na kumsikiliza mganga ni mambo yapatanayo. Yeye aliyetupa moyo ndiye aliyewapa wanadamu akili ya kuupima.