KAZI NA AFYA: Mpanda miti, mwili wako ndio ngazi yako

Mwezi huu tuzungumze juu ya kupanda miti. Hatusemi juu ya kupanda miche ardhini. Hiyo ni kazi njema, nayo tumeizungumza mara nyingi. Leo tunasema juu ya kukwea mti hadi juu, ukiwa na panga kiunoni, ili upate ujira.

Kazi hii ipo kila mahali katika mkoa wetu wa Mara. Mjini Musoma watu huitwa kukata matawi yaliyolalia mabati ya nyumba. Huko Bunda huitwa kuchuma maembe na kupunguza matawi. Huko Butiama wapo wanaopandisha mizinga ya nyuki mitini na kwenda kuiteremsha. Wengi hawakufundishwa na mtu. Walianza utotoni, wakitafuta maembe na mapera.

Kwa sababu tulianza utotoni, twadhani ni mchezo. Sivyo. Ni kazi ngumu kuliko nyingi tunazozijua.

Mtu aliyeanguka

Nilipokuwa kijana, nilikuwapo Bunda mtu mmoja alipoanguka kutoka mwembeni. Alikuwa fundi wa kukata matawi. Alikuwa amekata tangu asubuhi. Jua lilikuwa kali. Aliomba maji ya kunywa. Mwenye mti akamwambia, "Limebaki tawi moja tu, malizia kwanza." Tawi hilo moja ndilo aliloanguka nalo.

Alipokuwa chini alikuwa anasema. Alikuwa anachezesha vidole vya miguu. Sisi vijana wanne tulimkimbilia. Huyu alishika mkono, huyu alishika mguu. Tulimkunja kama gunia tukamweka nyuma ya gari. Tulipofika hospitali miguu yake ilikuwa haisikii tena.

Daktari hakutukaripia. Alituuliza tu, "Mlimbebaje?" Swali hilo sijalisahau. Labda uti wa mgongo ulikuwa umekwisha umia. Labda tulimuumiza sisi. Sitajua kamwe. Lakini najua kwamba hatukuwa na elimu, na kwamba alikuwa na kiu.

Mwili hufanya kazi gani?

Tuseme una kilo 60. Unapanda mti hadi mita 10. Umeinua kilo 60 kwa mikono na miguu yako hadi urefu wa nyumba ya ghorofa 3. Ukipanda miti 5 kwa siku, umeinua mzigo huo mara 5. Hapo hujakata tawi hata moja.

Mikono ndiyo huchoka kwanza. Unaposhika tawi kwa nguvu, misuli kati ya kiwiko na kiganja hukaza. Misuli ikikaza muda mrefu, damu haipiti vizuri ndani yake. Mkono huanza kuuma, halafu hutetemeka, halafu vidole hufunguka vyenyewe. Hapo hata ukitaka kushika, huwezi. Kwa hiyo fundi mzuri havutii mwili kwa mikono. Miguu ndiyo humsukuma juu. Mikono humzuia tu asianguke.

Miguu nayo hujifunza. Huko Uganda wako Watwa, watu waliozoea kupanda miti mirefu kutafuta asali. Mwaka 2012 wataalamu walitoa matokeo ya kupima miguu yao na kuilinganisha na ya jirani zao Wakiga, ambao ni wakulima. Waliona kwamba nyuzi za misuli ya nyuma ya mguu, chini ya goti, ni ndefu zaidi kwa Watwa wanaopanda miti. Kwa hiyo waweza kukunja unyayo hadi karibu na muundi, wakatembea juu ya shina kama mtu anayepanda kilima. Inaelekea misuli ilibadilika kwa mazoezi ya miaka mingi.

Hapa tunapata somo. Mwili wa mpanda miti hujengwa polepole. Mtu aliyekaa miaka 10 bila kupanda asidhani kwamba miguu yake ni ile ya utotoni.

Wako na wengine wa kuwatazama. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi hupigilia vigingi vya mti katika shina la mbuyu, wakapanda kigingi kwa kigingi hadi kwenye asali. Huko pwani wakwezi wa minazi hukata vidato katika shina, au hufunga kamba miguuni ili nyayo zishike. Hao wote wanajua jambo moja. Nguvu peke yake haitoshi. Lazima kuwe na mahali pa kukanyaga.

Kabla ya kupanda

Jiulize maswali haya ukiwa bado chini.

1. Je, nimekula na kunywa maji? Mtu anayetoka jasho bila kunywa maji hupata kizunguzungu na misuli kukaza. Kunywa kabla hujasikia kiu. Kunywa tena kila unaposhuka.

2. Je, nimelewa, au nimelala vibaya, au nina homa? Kama ndiyo, usipande leo. Malaria humfanya mtu alegee kabla hajalala kitandani. Mti hautakimbia.

3. Je, mti umekauka au umelowa? Baada ya mvua gome huteleza. Mawingu ya radi yakianza kujikusanya upande wa ziwa, shuka. Eneo la Ziwa Victoria lina radi nyingi sana.

4. Je, kuna waya wa umeme karibu? Kama tawi limegusa waya au liko karibu nao, usipande na usilikate. Tawi bichi laweza kupitisha umeme ukakuua. Wapeleke habari watu wa TANESCO.

5. Je, kuna nyuki, siafu au nyoka? Zunguka mti. Tazama kwenye matundu. Sikiliza. Nyuki wakikushambulia ukiwa juu, utaachia mikono ili ujikinge. Hivyo ndivyo watu wanavyoanguka.

6. Je, kamba yangu ni nzima? Ipitishe mkononi yote kabla ya kuitumia. Kamba ya katani iliyolala nje kwenye mvua na jua huoza ndani. Uzi mmoja ukikatika, hiyo ni kamba ya mbuzi, si kamba ya mtu.

Ukiwa juu

Una mikono 2 na miguu 2. Unapopanda, viungo 3 viwe vimeshika mti wakati wote. Kimoja tu ndicho kisogee. Usirukie tawi.

Usiamini tawi kwa kulitazama. Lijaribu kwanza kwa uzito kidogo. Kanyaga pale tawi linapotoka kwenye shina, maana hapo ndipo penye nguvu. Tawi lililokauka, hata likiwa nene, ni adui. Miti nayo hailingani. Tawi la mpera hupinda kabla ya kuvunjika. Tawi la mparachichi laweza kuvunjika ghafla bila kukuonya.

Ukianza kukata, jifunge kwanza kwenye shina lenyewe. Kamba ya kiunoni peke yake ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini ukianguka itakubana tumbo na mbavu. Mkanda wa usalama unaozunguka mapaja ni bora zaidi. Hata hivyo, usibaki ukining'inia humo bila kusogeza miguu. Damu hukaa miguuni nawe waweza kuzimia. Mwenzako akining'inia hivyo, mshusheni haraka.

Usikalie tawi unalolikata. Watu hucheka wakisikia hivyo. Lakini uchovu humfanya hata fundi asahau. Kata kidogo upande wa chini kwanza, halafu ukate kutoka juu. Hivyo tawi halitapasuka na kuchana gome hadi kwenye shina. Na chini ya mti asiwepo mtu, mtoto wala mbuzi.

Mikono ikianza kutetemeka, huo ni mlio wa kengele. Pumzika penye panda ya mti, au shuka.

Kushuka

Wazee walisema, "Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma." Walijua. Unaposhuka umechoka. Huoni pa kukanyaga. Tena una haraka, kwa kuwa kazi imekwisha na ujira unakusubiri. Kwa hiyo usitumie nguvu zako zote huko juu. Weka akiba ya kushukia.

Kumbuka pia kwamba kuanguka hakukupi muda wa kufikiri. Mtu akianguka kutoka mita 5 hufika chini baada ya sekunde 1 hivi. Anapogonga ardhi ana mwendo wa kilomita 36 hivi kwa saa. Huo ni mwendo wa pikipiki. Akianguka kutoka mita 10, mwendo wake ni kilomita 50 hivi kwa saa.

Mtu akianguka

Hapa nakuomba usome polepole, kisha umsomee na jirani yako.

Usimnyanyue kwa haraka. Mwambie asijisogeze. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake na amshike kichwa kwa mikono miwili, kisigeuke upande wowote. Mwulize kama anasikia miguu yake. Kama anatoka damu nyingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Kama hapumui vizuri, hakikisha kinywa chake hakina udongo wala damu. Usimpe chakula wala pombe.

Tafuteni ubao mpana au mlango. Watu 4 au zaidi wamgeuze kwa pamoja, kama gogo moja, kichwa, mgongo na miguu vikiwa katika mstari. Mmoja ahesabu, "moja, mbili, tatu." Mtelezesheeni ubao chini ya mgongo, mlazeni juu yake, mfungeni kwa kanga asiteleze. Kisha mpelekeni hospitali hivyo hivyo akiwa amelala. Asikalishwe kwenye pikipiki.

Hata kama anasema, "Sijambo," apelekwe. Damu huweza kuvuja ndani ya tumbo bila kuonekana. Na kama ana kidonda chenye udongo, aulizie chanjo ya pepopunda.

Wewe mwenye mti

Sasa nasema nawe unayemwita fundi. Unalipa ujira, lakini hununui mwili wake. Mpe maji. Usimhimize. Usisimame chini ya mti ukimwonyesha tawi jingine ambalo halikuwamo katika mapatano. Patana naye kazi nzima akiwa chini, na umlipe kwa kazi, si kwa haraka.

Usimpandishe mtoto kwa kuwa ni mwepesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari. Kazi ya kukata matawi juu ya mti mrefu ni ya hatari.

Nawe fundi, kama umeajiriwa na kampuni, au shule, au halmashauri, uliza juu ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko huo ulianza kazi mwaka 2015, kwa sheria iliyotungwa mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia. Wewe hukatwi mshahara. Ukiumia kazini, una haki ya matibabu na fidia. Kama unafanya kibarua cha siku moja kwa jirani, ni rahisi kukosa kinga hiyo. Basi nanyi mafundi wa kijiji kimoja mwaweza kukutana, mkawa na kamba nzuri ya pamoja, mkanda wa pamoja, na akiba kidogo ya siku ya msiba. Na msipande peke yenu. Awepo mwenzako chini anayekutazama.

Mwisho

Yule mtu wa Bunda aliishi miaka mingi baada ya kuanguka. Alikaa mbele ya nyumba yake akisuka kamba. Kamba zake zilikuwa nzuri sana. Kila kijana aliyekuja kununua alimwuliza, "Unakwenda kufungia nini?" Kijana akijibu kwamba anakwenda kupanda mti, mzee alimpa kwanza kikombe cha maji. Kisha ndipo walipopatana bei.

Ndugu msomaji, nasi tufanye hivyo.

Maswali ya kujadili darasani au nyumbani

1. Katika kijiji chenu, ni nani hupanda miti kwa ujira? Je, ana kamba nzima?
2. Kwa nini mikono hutetemeka mtu akishika tawi muda mrefu?
3. Mtu akianguka, ubao au mlango wa kumbebea utapatikana wapi karibu nanyi?
4. Fanyeni zoezi. Mmoja alale chini. Wengine 4 wamgeuze kama gogo moja. Je, kichwa chake kiligeuka?

Tukutane tena mwezi ujao.